Maharagwe Yanayoiva Nikiwa Kazini

Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya. Ukiona lori limekwama kwenye foleni ya mpaka na dereva amelala chini ya tela, jua kuna mtu kama mimi mahali fulani anakimbizana na karatasi zake. Mpaka haulali na mizigo haina saa. Leo natoka saa kumi na moja jioni. Kesho mtandao unakatika saa kumi, unarudi saa mbili usiku, na kazi ya mchana ndiyo kwanza inaanza. Nyumbani ni Tororo mjini. Humo wamo watoto wangu wawili na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua lakini ulimi uko salama kabisa. Mume wangu ni dereva wa masafa ya Juba. Huyo tumhesabu kama mgeni.

Karibu mwaka mzima tulikula vya barabarani. Nikishuka kwenye teksi, ile ambayo wenzetu ng'ambo ya daraja wanaiita matatu, nanunua kikomando kwa mama wa pale stendi: chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharagwe. Au rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, au chipsi ndani ya kavera, mfuko wa plastiki. Siwasemi vibaya wapishi hao, chapati zao zinanishinda mimi. Ila kila mwisho wa mwezi hesabu ilikuwa haikai, na mama mkwe alikuwa analala na kiungulia. Kisha siku moja binti yangu, wakati huo ana miaka sita, akanipokea mlangoni: "Mama, leo tunakula kwa nani?" Hakuuliza tunakula nini. Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilikwenda kuvua viatu.

Dawa ya kwanza niliyojaribu ilikuwa kuamka saa kumi alfajiri nikawasha sigiri ya makaa gizani. Nilidumu siku tisa. Siku ya kumi nilisinzia ofisini nikaandika namba ya lori moja kwenye nyaraka za lingine, na kosa kama hilo huku kwetu halifutwi kwa kifutio. Dawa ya pili ilikuwa ratiba ya chakula ya wiki nzima, nimeichora kwa rula, nikaibandika ukutani. Jumanne imeandikwa samaki. Jumanne yenyewe mimi niko mpakani mpaka saa tatu usiku. Binti yangu aliibandua akachora kuku nyuma yake, na sijawahi kuona ratiba ile ikifanya kazi nyingine zaidi ya hiyo.

Aliyenifungua macho ni dereva mmoja wa Mombasa, mtu mzima, sote tunamwita Mzee. Alikuwa kwenye foleni, jiko dogo la gesi kando ya tairi, sufuria ya maharagwe inatokota. Karatasi zake zikatoka ghafla. Nikamwambia, "Pole Mzee, chakula ndiyo kimekatizwa." Akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto. Akafunika sufuria, akaizungushia blanketi mara mbili, akaikaza kwa mpira wa kufungia mizigo, akaitia kwenye katoni nyuma ya kiti. "Hii naifungua Jinja," akasema, akawasha lori. Kutoka Malaba mpaka Jinja ni zaidi ya kilomita 100, na kwa lori lenye mzigo si safari ya kukimbia. Jioni nikampigia kuhusu risiti, nikamuuliza na maharagwe. Yameiva, akasema, na yamemshinda kumaliza.

Nililala nikiyawaza maharagwe ya mtu. Miaka yote nilikuwa nahesabu muda wa kupika kuwa ni muda wangu, kumbe maharagwe yanataka joto tu, hayanitaki mimi. Katika saa tatu zile za kuchemsha, kazi ya mkono wangu haifiki dakika kumi na tano. Zilizobaki ni kuchungulia sufuria.

Kikapu

Nilinunua sokoni kikapu kikubwa cha kusukwa, cha aina ya kubebea kuku. Ndani nikashindilia majani makavu ya mgomba, unene wa kiganja kizima chini na pembeni, juu yake blanketi kuukuu. Mto wa kufunikia niliushona mwenyewe nikaujaza vipande vya nguo; fundi cherehani wa mtaani alinipa gunia zima bure, akashukuru kwa kumsafishia kibanda. Sponji ya godoro la zamani inafaa vilevile. Usiache upenyo wowote, hasa juu, maana joto linakimbilia huko.

Sufuria nayo ina masharti. Isiwe na mkono mrefu, mfuniko ukae sawasawa, na ijae theluthi mbili au zaidi. Ukipika kikombe kimoja cha maharagwe kwenye sufuria kubwa, joto litakwisha kabla hayajalainika. Kikapu ni cha chakula kingi.

Usiku, tukishakula, nachambua kilo moja. Mimi ni mtu wa nambale, yale mekundu yenye madoa. Msimu ukiwa mzuri mama mkwe analetewa NAROBEAN kutoka shambani kwao, mbegu zilizotolewa na NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, mwaka 2016 zenye madini ya chuma na zinki kwa wingi, na hapo nambale yangu inasahauliwa. Muulize anayekuuzia kama ni ya msimu huu. Maharagwe yaliyokaa ghalani mwaka mzima ni kama kupika kokoto, hakuna kikapu kitakachoyaweza. Naloweka kwenye maji mara tatu ya maharagwe yenyewe, nalala.

Saa kumi na moja na nusu asubuhi namwaga maji yale, naweka mapya yapite juu ya maharagwe kwa vidole viwili, nabandika kwenye gesi. Wakati huo huo chai iko jiko la pili, binti anasukwa, na soksi moja inatafutwa. Soksi moja haikosi kutafutwa. Maharagwe yachemke kwa nguvu, yarukeruke, dakika ishirini nzima. Hapa usiibe hata dakika moja. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu inayovunjwa na mchemko wa kweli tu. Joto la kikapu peke yake haliiwezi. Dakika tano za mwisho nafunika ili mfuniko nao ushike moto, na tangu hapo sifunui tena, hata kuonja. Kutoka motoni mpaka kikapuni isizidi dakika moja. Mto juu, blanketi juu ya mto, nakimbilia teksi.

Nyanya na ndimu visubiri. Ukiviweka mwanzoni, uchachu wake unayafanya maharagwe yagome kulainika. Magadi yanalainisha kweli, sikatai, lakini yanaharibu vitamini B1, na mimi ulaini wenyewe wa magadi siupendi, maharagwe yanakuwa kama sabuni iliyolowa.

Sasa niwaambie nilivyoharibu. Mara ya kwanza kabisa niliingiza sufuria kikapuni asubuhi, nikarudi saa mbili usiku, nikaifungua mbele ya familia nzima kama mtu anayefungua zawadi. Juu kulikuwa na povu jeupe, na harufu ilikuwa ya malwa, ile pombe ya ulezi inayonyonywa kwa mirija. Mama mkwe akasogeza pua: "Leo umetupikia pombe. Mirija iko wapi?" Tukarudi kwa mama wa kikomando.

Kikapu kinatunza joto, hakiongezi. Saa za kwanza chakula kinaiva. Baadaye joto linashuka chini ya nyuzi 60, na uvuguvugu ule ndio bakteria wanaoupenda. Saa nne mpaka tano zinatosha. Zikipita, sufuria itoke, irudi motoni ichemke dakika kumi. Kwetu kazi hiyo ni ya mama mkwe: saa tano asubuhi anafungua kikapu, anachemsha, anakula chake cha mchana humo humo, tena ananipigia simu kuniarifu kama yameiva au "yanajikaza".

Kama mchana hakuna mtu nyumbani, usiingize asubuhi. Ingiza saa moja usiku, toa saa tano kabla hujalala, chemsha, gawa. Maharagwe yaloweke mchana badala ya usiku, basi.

Kuna watakaosema nunua sufuria ya presha. Jirani yangu anayo, na maharagwe yaliyolowekwa yanamwivia ndani ya dakika ishirini hivi. Ni kitu kizuri, ukiwa na pesa. Usiijaze kupita nusu ukipika maharagwe, maana povu linaziba tundu la mvuke, na usilazimishe mfuniko wakati bado ina pumzi. Mimi nimebaki na kikapu. Kinakula dakika thelathini za gesi asubuhi na kumi mchana, na sigiri haiguswi. Tangu Rais Museveni apige marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini na kaskazini mashariki, Mei 2023, gunia la makaa nimekuwa nalitazama mara mbili kabla ya kuuliza bei.

Kuweka

Kilo moja kavu inakupa zaidi ya kilo mbili zilizoiva. Nayaacha meupe, bila kitunguu wala mafuta, kwa sababu maharagwe meupe yanageuka kitu chochote kesho. Nagawa kwenye makopo ya siagi, naketisha makopo kwenye beseni la maji ili yapoe haraka, na ndani ya saa mbili yako kwenye friji. Siku tatu chini. Yaliyo juu kwenye barafu yanasubiri hata mwezi. Umeme ukikatika, na unakatika, usifungue mlango wa friji kuangalia kama umekatika.

Kabla sijanunua friji nilikuwa nachemsha sufuria asubuhi na jioni, na siku ya pili jioni ni mwisho, kilichobaki ni cha kuku wa jirani. Inawezekana hivyo. Wali ndio siuamini. Wali uliolala nje unaweza kuwa na sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi, kwa hiyo kwetu wali unapikwa kiasi cha kuliwa.

"Tena maharagwe?"

Nilijiona nimemaliza kazi mpaka mwanangu wa darasa la sita aliposimama na sahani. Shuleni kwao mchana ni posho, yaani ugali, na maharagwe, Jumatatu mpaka Ijumaa. "Mama, mchana maharagwe, usiku maharagwe. Mimi ni mfungwa?" Nilitaka kukasirika, nikakosa hoja.

Kwa hiyo maharagwe meupe yanavaa nguo. Jioni ya kwanza nayaponda na viazi vya Ulaya vilivyochemshwa, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia, pilipili hoho; yanaliwa na parachichi. Ya pili ni katogo: ndizi za matoke zilizomenywa, kopo moja la maharagwe, nyanya mbili, maji ya kufunika nusu, mfuniko, dakika ishirini na tano na humalizi hata kuosha vyombo. Ya tatu hakuna maharagwe hata yakilia. Siku hiyo ni mukene, dagaa wetu wa ziwani: nawaosha kwa maji ya moto mchanga utoke, nawakaanga wakauke, nyanya, kitunguu, ndani ya dakika kumi na tano tumekaa chini. Mayai pia yapo duniani.

Odi

Lakini kinachotuokoa siku mbaya kuliko zote ni chupa ya odi. Ni karanga zilizokaangwa zikasagwa pamoja na ufuta mpaka zikateleza. Mafundi wake ni Waacholi na Walango wa kaskazini mwa Uganda. Mimi nimefundishwa na mama mmoja wa Lira tuliyewahi kupanga naye ua mmoja, na aliniambia wazi kwamba yangu bado.

Nanunua karanga nzima. Za unga ni za bei nafuu, ila hujui zilikuwaje kabla hazijasagwa. Jumamosi mama mkwe anazimwaga kwenye ungo, anakaa kibarazani, anazichambua moja moja na habari za mtaa mzima. Iliyosinyaa, iliyogeuka rangi, yenye ukungu, nje. Ukungu wa karanga unaleta sumu iitwayo aflatoksini, inaumiza ini, na moto wa jikoni hauiondoi, kwa hiyo usizionee huruma kwa sababu umezilipia.

Nakaanga kwenye sufuria kavu, moto mdogo, mwiko hausimami, mpaka ukisugua punje moja kati ya vidole ganda linatoka lenyewe. Ufuta nakaanga peke yake. Unaiva upesi, ukianza kurukaruka ndani ya sufuria uko tayari, ukigeuza kichwa kujibu simu umeungua na utakuwa mchungu. Vikombe vitatu vya karanga kwa kimoja cha ufuta, chumvi kidogo, napeleka mashineni sokoni. Chupa inakaa kabatini, na kwetu mwezi hauishi kabla haijaisha.

Usiku wa kutumia ni hivi. Mchicha, ambao hapa wengi wanauita dodo, umeshakatwa. Wauzaji wa jioni wanakukatia wenyewe ukiwaomba, sioni aibu kuomba, nyumbani nauosha. Sufuria, maji kidogo, kitunguu, mchicha, dakika tano. Majani ya kunde yanataka kama kumi na tano. Kwenye kikombe natia vijiko vitatu vya odi, nateka maji ya moto ya mboga, nakoroga mpaka iwe kama uji mzito. Ukiitupa odi nzima nzima ndani ya sufuria itafanya madonge, na donge la odi ni gumu kulitafuta kuliko mwivi. Namimina, napunguza moto, nakoroga kwa dakika nne au tano bila kuondoka, kwa sababu inashika chini haraka. Mafuta yakianza kung'aa juu, zima.

Mchuzi wa karanga mbichi za kusaga ni jambo lingine. Ule unataka dakika arobaini za moto mdogo na mtu amesimama hapo. Ni wa Jumapili, na samaki wa moshi, mume akiwa nyumbani. Huyo mume, nimegundua, anapika vizuri sana akiwa barabarani. Madereva wenzake wanamsifia. Akivuka mlango wa nyumba yake anasahau gesi inawashwaje. Jumapili iliyopita nilimpa mwiko bila kusema kitu, akakoroga.

Nani anaanza

Nikipanda teksi Malaba natuma ujumbe wa neno moja: "Nimepanda." Mwanangu anaweka maji ya posho kwenye gesi, bibi yake amekaa karibu kwenye kiti akimsimamia. Nilimfundisha likizo moja nzima, tukala posho yenye madonge wiki mbili, na hakuna aliyekufa. Binti anaweka sahani na maji ya kunawa. Nikifika, posho imefunikwa, mimi nina dakika kumi za mboga au za kupasha kopo la maharagwe. Nisipotuma ujumbe mpaka saa moja na nusu, wanakula bila mimi, hilo tulikubaliana, kwa sababu mtoto anayesubiri chakula mpaka saa tatu analala na vidole mdomoni.

Alhamisi iliyopita mtandao ulikatika saa tisa ukarudi saa mbili usiku. Nilikuwa na malori manne. Nimefika nyumbani saa nne kasoro, watoto wamelala, nyumba giza, bibi peke yake kwenye kiti chake na redio chini chini. Kikapu kilikuwa katikati ya sebule. Nikaondoa mto: katogo, sufuria imezungushiwa blanketi, mvuke ukanipiga usoni. Walikuwa wameichemsha tena saa mbili kisha wakaifukia.

"Mjukuu wangu ndiye amepika," mama mkwe akasema. "Chumvi imepungua, lakini usimwambie."